Mama kaonekana na "uvimbe" moyoni, sasa tunaambiwa akapige CT skani

Shikamoo daktari,

Nakuandikia usiku huu watoto wameshalala, kwa sababu mchana siwezi kulizungumza jambo hili bila kulia, na mama yangu mwenyewe yumo humuhumu ndani.

Mama ana miaka 72. Kwao ni Pangani, lakini sasa anakaa kwangu Tanga mjini. Ana presha ya siku nyingi, inapita miaka 15, na mwaka juzi aliambiwa figo zimeanza kuchoka. Mwezi uliopita nikaona akipanda ngazi anasimama katikati, anashika ukuta, ndipo anaendelea. Homa hana, kukonda hajakonda, chakula anakula. Tukampeleka hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akasema anasikia mvumo kwenye moyo, akaandika kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwenye kioo.

Binti aliyempima alikuwa mpole. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akampaka yale mafuta ya baridi, akawa anazungusha kile kifaa chini ya ziwa huku anazungumza naye habari za Pangani. Ghafla akanyamaza. Akamwita mwenzake, wakainamia kioo, wakawa wanaelekeza kidole na kunong'ona. Mama akanitazama. Mimi nikajifanya najifunga kanga.

Majibu nimeyasoma hadi nimeyahifadhi: "Kuna uvimbe wa duara, milimita 24 kwa 17, kwenye pete ya valvu ya mitrali, upande wa nyuma. Kingo nyeupe, katikati hafifu. Yamkini ni uvimbe, jipu au chokaa. Uchunguzi zaidi unashauriwa." Daktari wa pale alikuwa na foleni imefika mlangoni, hakukaa nasi hata dakika tano. Alisema tu, "Ana uvimbe kwenye moyo, nendeni Dar akapige CT skani." Basi.

Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Kaka yangu mkubwa anataka tuuze shamba la minazi ili mama apelekwe India moja kwa moja akafanyiwe upasuaji, anasema hizo skani ni kupoteza muda na hela. Mama mdogo anasema kama ni chokaa basi ni ile ya tambuu, maana mama anatafuna tangu usichana wake na kijaluba hakimbanduki. Jirani kamletea siki, kila asubuhi anywe na ndimu ili chokaa iyeyuke. Maziwa na dagaa tumemkataza. Jirani mwingine mtoto wake alipasuliwa valvu akiwa darasa la sita, naye anasema ni ugonjwa uleule. Mama tumemwambia ni "gesi imepanda kifuani".

Daktari, hicho kitu ni saratani? Kama eko imeshakiona, CT skani ya nini tena? Nimesikia ile dawa wanayochoma wakati wa skani inaua figo, na mama figo zake ndiyo hizo. Na je, tumwambie?

Binti wa Pangani, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umpe pole mama, maana mtu wa umri wake huhisi nyumba ikibadilika sauti hata kama hakuambiwa kitu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mimi sijaziona picha zenyewe, kwa hiyo sitasema "ni" wala "siyo". Lakini maneno uliyoyanakili yanaeleza mengi. Kitu cha duara, kimekaa kwenye pete ya valvu ya mitrali, upande wa nyuma, kingo nyeupe na katikati hafifu, kwa mwanamke wa miaka 72 mwenye presha ya miaka mingi na figo zilizochoka, asiye na homa wala kukonda. Ningepewa maelezo hayo na kuambiwa nitaje jambo moja tu, nisingetaja saratani. Ningetaja chokaa ya pete ya valvu, tena ile aina yake ambayo katikati imelainika.

Neno lililowaliza ninyi ni "uvimbe". Katika Kiswahili chetu neno hilo limebeba mizigo miwili: kitu chochote kilichotuna, na saratani. Mpimaji huandika kwa maana ya kwanza, familia husoma kwa maana ya pili. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe niliandika neno hilo kwenye ripoti ya bibi mmoja, picha yake karibu sawa na hii unayoieleza. Watoto wake walikusanyika kutoka mikoani. Wiki mbili baadaye CT skani ikarudi: chokaa. Kwa wiki mbili familia ile iliishi na msiba ambao haukuwepo, na aliyewapa msiba huo ni mimi. Tangu siku hiyo naandika kwanza nilichokiona, kikoje na kiko wapi, na jina nalitafuta baadaye.

Sasa tuingie ndani ya moyo wenyewe. Valvu ya mitrali ni mlango ulio kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto, ule upande unaosukuma damu kwenda mwili mzima. Una mbawa mbili, na jina lake limetokana na kofia ya askofu ya ncha mbili. Mbawa hizo zimeshikizwa kwenye pete ya nyama ngumu, kama mlango wa nyumba ulivyoshikizwa kwenye fremu. Kila moyo ukipiga, pete inavutwa na kuachiwa. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja, na wa mama yako umefanya hivyo kwa miaka 72, tena ile 15 ya mwisho ukisukuma dhidi ya presha iliyopanda.

Pete ikichakaa, mwili huanza kuweka madini ya kalsiamu palepale. Siyo kwamba kalsiamu imezidi kwenye damu ikatuama, kama ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika mkichemsha maji ya kisima. Chembe hai za sehemu ile zenyewe hubadilika tabia na kuanza kujenga kama zijengavyo mfupa. Umri huchangia, presha huchangia, na figo huchangia sana, kwa sababu ndizo zinazotunza uwiano wa kalsiamu na fosfeti mwilini. Wanawake wazee huipata zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi chokaa hii huanzia upande wa nyuma wa pete, palepale ripoti yenu ilipopataja.

Kwa watu wachache, katikati ya chokaa hulainika na kuwa uji mzito mweupe, nje likabaki gamba gumu. Madaktari wa upasuaji waliofungua moyo wakitarajia kukuta uvimbe wamekuta kitu kama dawa ya meno ikitoka kwenye tyubu yake, mchanganyiko wa kalsiamu, mafuta na kolestro. Chembe za saratani hazimo.

Kwa nini basi eko imeishia kusema "yamkini"? Eko hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, kisha husikiliza mwangwi wake. Na hapa lazima niitetee, kwa sababu naipenda kazi hii: eko ilizaliwa kwa ajili ya mlango huuhuu. Mwaka 1953 katika mji wa Lund, Uswidi, daktari Inge Edler alitaka kuijua hali ya valvu ya mitrali kabla mgonjwa hajapasuliwa. Yeye na mwanafizikia Hellmuth Hertz wakaelekeza kifuani mashine ya aina iliyokuwa ikitumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mpaka leo hakuna kipimo kinachoipita katika kuonyesha mwendo. Eko inakuambia mlango unafunguka kiasi gani, unavuja au haufungi vizuri, damu inapita kwa kasi gani. Bila hiyo msingejua lolote.

Lakini eko haijui kitu kimeundwa na nini. Chokaa ngumu ya kawaida hung'aa ikawa nyeupe pe, na nyuma yake hutupa kivuli cheusi kwa sababu sauti haipenyi, mfano wa kivuli cha mnazi saa ya alasiri. Mpimaji akiona weupe na kivuli, hana shaka. Chokaa iliyolainika katikati hupitisha sauti, kwa hiyo kivuli huwa hafifu au hakipo kabisa. Anachobaki nacho mpimaji kwenye kioo ni kitu cha duara chenye kingo nyeupe na tumbo la kijivu. Hapo ndipo binti yule mpole alipomwita mwenzake, na alifanya vizuri kumwita.

CT skani inajibu swali jingine kabisa, swali la uzito wa kitu. Mionzi hupita mwilini kutoka pande zote, na kompyuta hukipa kila kitone namba kwa jinsi kilivyoizuia. Vipimo hivyo vimepewa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Maji ni 0. Hewa ni 1,000 chini ya sifuri. Damu na nyama ziko kwenye makumi. Kwenye skani ya moyo, kitu kinachofika 130 na kuendelea huhesabiwa kuwa chokaa. Kwa hiyo kile ambacho eko inakiita "kingo nyeupe, katikati hafifu", CT inaweza kukisomea namba. Gamba likionekana jeupe kama mfupa kuzunguka duara lote au sehemu yake kubwa, na katikati pamepungua weupe lakini bado pana weupe kuliko damu iliyo jirani, jibu limepatikana, na shamba la minazi linabaki la kwenu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo familia nyingi hupoteza hela, na pengine figo. Si kila CT skani ni sawa. Mwombe daktari aandike skani ya moyo bila dawa ya rangi, yaani ile wanayochoma, na inayopigwa kwa kufuata mapigo ya moyo. Bila dawa, kwa sababu mbili. Ya kwanza umeitaja mwenyewe: dawa ile inaweza kuzilemea figo ambazo tayari ni dhaifu. Ya pili watu wengi hawaijui, nayo ni kwamba dawa ya rangi yenyewe huonekana nyeupe kwenye picha. Ukiijaza ndani ya chemba za moyo kabla hujapiga picha tupu, chokaa inaweza kujificha ndani ya weupe ule. Kwa swali la chokaa, picha tupu ndiyo yenye jibu. Na kufuata mapigo ni kwa sababu pete hii haitulii hata sekunde. Picha ikipigwa bila mpangilio hutoka na ukungu.

Mama atabandikwa vile vibandiko vya kusoma mapigo kifuani, ataambiwa ashikilie pumzi kwa sekunde chache, meza itaingia na kutoka. Hachomwi sindano, hapewi usingizi. Mkufu na chochote cha chuma kifuani avue. Mionzi ya skani ya namna hii huwa karibu milisivati 1 (ndiyo mizani ya kupimia mionzi), wakati binadamu wa kawaida duniani hupokea kwa wastani milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa mama wa miaka 72 mwenye swali zito kama hili, faida inazidi kwa mbali.

Ikitokea daktari akasema dawa ya rangi inahitajika, labda kwa sababu anataka kuona na mishipa ya moyo, msikatae papo hapo. Ulizeni kwanza kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ya wiki hizi ni ngapi, na kama kuna njia nyingine. MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, ipo, na chokaa kwenye MRI huonekana nyeusi, lakini hiyo ni kwa mgonjwa ambaye CT imemwacha na shaka, na dawa yake nayo ina masharti kwa mwenye figo dhaifu. Kuna pia eko ya kupitia kooni, mgonjwa anameza mrija mwembamba akiwa na njaa. Hiyo ni nzuri kama kuna wasiwasi wa jipu au bonge la damu. Msikimbilie kabla ya skani tupu.

Je, kama CT haitaona chokaa? Hapo ndipo tunarudi kwenye yale majina mengine, na sitakuficha. Jipu la valvu huja na homa za usiku, jasho, kukosa hamu ya kula, na damu ikioteshwa maabara huonyesha vijidudu. Mama hana dalili hizo, lakini kipimo cha damu cha kutafuta maambukizi ni rahisi, kifanyike. Uvimbe halisi unaoanzia moyoni wenyewe na kuonekana mara nyingi kwa watu wazima kwa kawaida hukaa chemba ya juu kushoto, umejishika kwenye ukuta wa kati, ukiyumba na damu kama bembea, na hata huo si saratani. Cha mama kimekaa nyuma kwenye pete. Mahali peke yake si ushahidi kamili, ila ni ushahidi mkubwa.

Mkienda Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili tangu mwaka 2015, ina madaktari bingwa wa moyo wanaoziona picha hizi kila siku. Lakini msiende na karatasi peke yake. Rudi pale mlipopima, omba video za eko ziwekwe kwenye CD au flashi. Karatasi ina maneno ya mtu mmoja. Video humruhusu bingwa aone mwenyewe jinsi kitu kinavyokwenda pamoja na pete au kinavyoyumba peke yake. Nimewahi kuona mgonjwa akirudiwa kipimo kizima kwa sababu tu hakuja na video.

Kuhusu upasuaji, mwambie kaka yako, kwa heshima, kwamba nia yake ni ya mtoto mwema, ila hatua anazitanguliza vibaya. Ikithibitika ni chokaa, wengi hawapasuliwi kabisa. Kuna walioangaliwa tu na miaka ikapita bila shida, na kuna ambao kitu hicho kilipungua chenyewe. Upasuaji huja pale mlango unapovuja sana au kubana sana, au mgonjwa anapopata kiharusi kinachodhaniwa kimetokana nacho. Tena kushona valvu mpya kwenye pete iliyojaa chokaa ni kazi ngumu mno. Sindano ya mshonaji haipiti vizuri, na pete inaweza kuchanika. Daktari wa upasuaji mwenye busara, awe India au Dar, atawauliza swali hilohilo la CT kabla hajashika kisu.

Nisije nikawafariji kupita kiasi lakini. Chokaa ya pete si saratani, ila si kitu cha kusahau. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba wenye chokaa hii walipata kiharusi kiasi cha mara mbili ya wasio nayo, hata baada ya kuzingatia presha na mambo mengine. Kwa hiyo presha ya mama isimamiwe kama mboni ya jicho, dawa zisirukwe hata siku moja. Apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ili kuona kama mapigo yana mpangilio, maana mapigo yakivurugika daktari anaweza kuhitaji kumpa dawa ya kuzuia damu kuganda. Eko irudiwe baada ya miezi kama sita, kisha daktari ataamua kila baada ya muda gani. Na siku yoyote mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, maneno yakakwama, au akazirai ghafla, msikande wala msisubiri kupambazuke. Ni hospitali muda huohuo.

Jambo jingine dogo ambalo nahofia limesahaulika kwa kelele ya "uvimbe". Mama alipelekwa hospitali kwa sababu ya kuchoka kwenye ngazi. Huenda kitu kile hakihusiki kabisa na uchovu huo. Figo zikichoka, damu hupungua, na mtu aliyepungukiwa damu hushika ukuta katikati ya ngazi vilevile. Ulizeni wingi wa damu yake. Ulizeni pia eko imesema nini kuhusu kuvuja au kubana kwa mlango, na nguvu ya moyo kusukuma. Kwenye barua yako umeninakilia mistari ya kitu cha duara tu. Iliyobaki ya ripoti ile inaweza kuwa na maana zaidi kwa afya yake ya leo.

Mtoto wa jirani ni habari nyingine kabisa. Kwa mtoto wa umri ule kwetu huku, mara nyingi ni homa ya rumatiki, inayoanza na maambukizi ya koo utotoni na kuziunguza mbawa za valvu. Ule huanzia kwenye ncha za mbawa, zikaungana na kunenepa. Wa mama umeanzia kwenye pete, kwenye shina la mbawa. Mpimaji mzuri huona tofauti hiyo kwa jicho. Ugonjwa wa mama hauambukizi, na wajukuu hawana la kuogopa.

Tambuu. Mwambie mama mdogo kwamba chokaa ya kijaluba haiendi moyoni kujenga pete. Kuna sababu nyingine nzito za mama kupunguza, nayo ni kinywa chake: popoo husababisha saratani ya mdomo, na tumbaku ikichanganywa humo hatari inazidi. Hilo ni zungumzo la siku nyingine, msimbebeshe lawama ya moyo wake kwa kitu ambacho hakikuleta ugonjwa huu.

Siki na ndimu acheni. Haviyeyushi chochote moyoni. Siki inayong'arisha birika inaishia tumboni, ikamletea kiungulia ambacho mtadhani ni moyo. Na maziwa na dagaa kumnyima kwa ajili ya moyo hakuna sababu. Kalsiamu ya chakula siyo iliyojenga ile pete, na mifupa ya mama wa miaka 72 inaihitaji. Ila kwa sababu ya figo zake, muulizeni daktari wa figo kiasi kinachomfaa, apime na fosfeti, kisha mfuate hicho. Asipangiwe chakula na jirani.

Na sasa lile swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo zito kuliko yote. Mwambieni. Alikuona ukijifunga kanga, mwanangu. Ameshajua kuna jambo, na jambo analolibuni usiku peke yake huenda ni baya kuliko hili. Usimwambie mbele ya watu wengi. Kaa naye pale anapopenda kukaa, labda jioni anapofungua kijaluba, umwambie: mama, kwenye mlango wa moyo wako kumeonekana kitu, kinafanana na chokaa ya uzee, bado hatujathibitisha, tunakwenda Dar kupiga picha isiyo na sindano. Kisha nyamaza umwache aulize. Atakapouliza "nitakufa?", mjibu unachokijua: daktari hajasema hivyo, na dalili zinaelekea kwenye kitu ambacho watu huishi nacho. Mwili ni wake. Yeye ndiye atakayeshikilia pumzi ndani ya mashine ile, na anayejua kwa nini anaishikilia huishikilia vizuri zaidi.

Skani ikishatoka, niandikie tena. Ninakili maneno yale yanayohusu gamba na katikati, namba kama wameziandika, na kreatinini ya mama pamoja na wingi wa damu. Na uniambie amepandaje ngazi wiki hiyo.